UZI: Kivu yetu inaongoza kwa radi Afrika, lakini vituo vya kuzinasa viko wapi? Njooni tuongee mtandao wa ardhini

#1 Antena_ya_Himbi (Goma)

Jambo yenu bandugu.

Wiki hii ile ramani ya radi imerudi tena kwenye makundi ya WhatsApp, yenye doa jekundu juu ya Kivu, na kila anayeituma anaandika "sisi namba moja duniani". Tuweke hesabu sawa kwanza. Utafiti uliotoa orodha hiyo ulichapishwa 2016. Ulitumia data ya 1998 hadi 2013 ya kifaa kinachoitwa LIS, kilichokuwa ndani ya satelaiti ya TRMM. Namba moja ni Ziwa Maracaibo la Venezuela, mimweko 233 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Namba mbili imepewa jina la Kabare ya Kivu Kusini, 205. Namba tatu Kampene kule Maniema, karibu 177. Sake, hapa tu tunapopita kwenda Masisi, ni ya tano duniani kwa 143. Butembo na Boende zimo ndani ya kumi bora. Kwa hiyo Afrika nzima hakuna wa kutugusa, ila duniani tuna mkubwa wetu.

Jambo lingine ambalo wanaosambaza picha hawalisemi: ramani ya zamani zaidi, ya satelaiti ya 1995–2000, ilimpa ushindi Kamembe. Ndiyo, Kamembe ile ile ya Rwanda unayoiona ukiwa Bukavu, ng'ambo ya mto Ruzizi. Yeye alipewa 83 tu. Msiseme radi zimeongezeka mara mbili na nusu. Ramani ya kwanza iligawa dunia kwa visanduku vya nusu digrii, ya pili kwa visanduku vya kilomita 11 hivi, na kisanduku kikiwa kidogo kilele hakichanganywi tena na sehemu tulivu za jirani. Majina nayo ni ya makazi yaliyo karibu na kisanduku. Mtu wa Kabare-centre asianze kuuza nyumba.

Sasa hoja yangu. TRMM ilikuwa inapita. Kila ikipita juu ya kichwa chako ilikuona kwa dakika moja na nusu hivi, basi, imeenda. Ni sawa na kuhesabu wateja wa soko la Virunga kwa kupita na moto (pikipiki) barabarani mara moja moja: ukifanya miaka 16 utapata wastani mzuri sana, lakini hutajua leo saa kumi nani yuko sokoni. Wastani huo ndio tunaotembea nao kifua mbele. Dhoruba ya jioni hii iko wapi, inaenda wapi, inazidi au inafifia? Hapo ndipo mtandao wa vipokezi vya ardhini unapohitajika, na hapo ndipo sisi wenye radi zote hizi hatuna kitu.

Mimi nina kipokezi kimoja juu ya paa hapa Himbi, cha mtandao wa watu wanaojitolea. Kinafanya kazi. Kimoja hakitoshi, nitaeleza kwa nini mkiuliza. Natafuta watu wa miji mingine wenye paa, umeme wa kueleweka na uvumilivu.

---

#2 MwalimuKadutu (Bukavu)

Kaka, nafundisha fizikia darasa la tano humaniti (sekondari), kwa hiyo nieleze bila kunirahisishia. Antena moja inajuaje radi imepiga wapi? Na inatofautishaje radi na kelele ya jenereta ya jirani?

---

#3 Antena_ya_Himbi (Goma)

Mwalimu, antena moja haijui. Hiyo ndiyo siri yote.

Radi inapopiga, mkondo mkubwa unapita kwa muda mfupi sana, na mkondo wowote unaobadilika ghafla hutoa mawimbi ya redio. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko kwenye mawimbi marefu, kati ya kilohezi 3 na 30. Mawimbi hayo yana tabia nzuri kwa nchi yenye milima: yanasafiri kati ya ardhi na tabaka la juu la anga lenye chaji, yanadunda huku na huku, yanafika maelfu ya kilomita. Mikeno na Karisimbi hazimzuii mtu. Antena yangu inasikia dhoruba za Kisangani bila shida.

Kipokezi kinafanya kazi moja: kikisikia mpigo, kinaandika saa. Saa hiyo inatoka kwenye GPS na haikosei hata maikrosekunde moja. Ndani ya maikrosekunde moja mawimbi yanakwenda mita 300, kwa hiyo ukikosea saa kidogo umeihamisha radi mtaa.

Chukua mfano. Radi imepiga Sake. Kutoka Sake hadi kwangu ni kama kilomita 25, mawimbi yananifikia baada ya maikrosekunde 80 hivi. Mpaka Bukavu, kwa mstari wa ndege, ni kama kilomita 105, yanafika baada ya 350. Hakuna kati yetu anayejua radi ilipiga saa ngapi. Tunachojua ni tofauti: Bukavu amesikia maikrosekunde 270 baada ya Goma. Sehemu zote duniani zenye tofauti hiyo zinachora mstari uliopinda, ule wa haiperbola unaowafundisha watoto na wanakuuliza utawasaidia nini maishani. Kituo cha tatu kinachora mstari mwingine, pale inapokatana ndipo radi. Kwa ujasiri unataka cha nne, na mtandao wa WWLLN wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, hautangazi radi mpaka vituo vitano vikubaliane.

Kuhusu jenereta: mpigo wa radi una umbo lake, unapanda haraka na kushuka kwa mawimbi machache. Jenereta, inveta na chaja zinajirudiarudia. Programu inachuja. Na hata kelele ikipenya, vituo vingine havitakuwa vimeisikia, kwa hiyo seva inaitupa. Ubaya wake ni kwamba kituo chenye kelele nyingi kinaziba masikio yake mwenyewe, radi ndogo zinampita.

---

#4 Da_Furaha_Bk (Bukavu)

Kaka Antena, heshima kwa kazi, lakini naona unafunga mlango uliokwisha kufungwa. Tarehe 13 Desemba 2022 walirusha MTG-I1, satelaiti ya Ulaya, na ndani yake kuna kamera za radi. Hii haipiti, imekaa palepale juu ya ikweta, kilomita kama 36,000, na inaangalia Afrika yote na Ulaya usiku na mchana. Inapiga picha 1,000 kwa sekunde, inatafuta ule mwanga wa oksijeni wa nanomita 777. EUMETSAT, shirika la Ulaya la satelaiti za hali ya hewa, wanatuma data kwa idara za hali ya hewa za Afrika kwa huduma yao ya EUMETCast, dishi na kompyuta basi. METTELSAT, idara ya hali ya hewa ya Kongo yetu, wakiwa na dishi, Kivu yote inaonekana. Sasa kwa nini tuhangaike na paa, betri na wezi wa nyaya?

Nauliza kwa ubishi mwema. Nimesoma jiografia Bukavu, nimeona miradi mingi ya vituo vya hali ya hewa: inafunguliwa kwa keki na fanta, mwaka wa pili nguzo inafungiwa mbuzi.

---

#5 Antena_ya_Himbi (Goma)

Dada Furaha, ya mbuzi nimeiona kwa macho yangu, sibishi.

MTG ni kitu kikubwa kwetu, pengine kikubwa kuliko chochote tulichopata kwenye hali ya hewa kwa miaka mingi. Angekuwa mtu ananipa dola za kuchagua kimoja, ningechagua dishi la kupokea data yake kabla ya antena. Lakini tazama inachoona. Inaona mwanga unaotoka juu ya wingu. Kisanduku chake kimoja ni kilomita 4.5 chini yake kabisa, na huku kwetu pembeni kidogo kinapanuka. Mwanga wa radi iliyo chini ya wingu nene unafika juu umechoka, na mchana jua linalong'aa juu ya mawingu linashindana nao. Muhimu zaidi, haikuambii vizuri kama mmweko umebaki ndani ya wingu au umeshuka ardhini. Anayejenga nguzo za umeme au anayechunguza kwa nini shule imeungua anataka kujua ile iliyoshuka, nguvu ya mkondo wake, na kama ilibeba chaji hasi au chanya. Hayo yanatoka ardhini.

Halafu satelaiti inahitaji kusahihishwa, na huwezi kusahihisha kitu bila kipimo cha pembeni. Marekani wana mtandao wa nchi nzima tangu 1989, Afrika Kusini tangu katikati ya miaka ya 2000. Sehemu yenye radi nyingi kuliko zote Afrika haina wa kuithibitishia satelaiti kwamba ilichoona ndicho kilichotokea. Hilo linaniudhi zaidi kuliko kelele za inveta.

---

#6 Nahodha_Kituku (Goma)

Aksanti kwa hii uzi. Miye si mutu wa masomo mingi, niko ku ziwa tangu kijana. Sisi batu ba kuvua samaki ya sambaza tunatokaka magaribi, tunarudiaka asubui. Tunaonaka radi kule upande wa Masisi, bengine banasema "iko mbali bado". Kisha upepo inakuya mbele ya mvua, mawimbi inaamuka, taa zote zinazimika. Ngurumo hatusikiake, juu mota inapiga kelele.

Swali yangu ni moja. Hii ramani inaweza kuniambia mbele upepo ifike? Na itaniambia namna gani, juu ku ziwa telefone tunafungaka mu mufuko ya plastiki na mega ya intaneti hakuna?

---

#7 Antena_ya_Himbi (Goma)

Jambo nahodha. Swali lako ndilo la maana kuliko yote hapa, nakujibu taratibu.

Upepo unaokuja mbele ya mvua ni hewa baridi inayoporomoka kutoka ndani ya wingu, ikigonga chini inatawanyika pande zote na kutangulia dhoruba kwa kilomita kadhaa, mara nyingine zaidi ya kumi. Kwa hiyo ukisubiri mvua umechelewa. Radi inasaidia kwa sababu wingu lenye kupanda kwa nguvu ndilo linalotengeneza umeme: barafu na mvua ya mawe laini vinagongana humo juu, chaji zinatengana. Watafiti wa Marekani waliona kwamba idadi ya mimweko ikiruka ghafla, mara nyingi hali mbaya inafuata baada ya dakika kumi, ishirini, hata zaidi. Wanahesabu mimweko kila dakika mbili na kompyuta inapiga kelele ongezeko likizidi mazoea.

Lakini sitakudanganya. Mruko huo unauona vizuri ukihesabu radi zote, hata zile zinazobaki ndani ya wingu, nazo ndizo nyingi. Vipokezi vya aina yangu vinanasa zaidi zile kubwa zinazoshuka. Tukiwa na vituo vichache tunaweza kufanya jambo rahisi zaidi: kuchora duara kuzunguka ziwa, na radi zikianza kuingia ndani ya kilomita 30 na zinasogea, tunasema. MTG inaongeza zile za ndani ya wingu. Dada Furaha, ona sasa, tunahitajiana.

Jinsi ya kukufikia, nahodha, sina jibu la kompyuta. Wewe una wazo gani?

---

#8 Nahodha_Kituku (Goma)

Mont Goma. Batu boote ba ziwa banaionaka. Muweke taa mukubwa nyekundu kule yulu. Ikiwaka, mutu anavuta nyavu, anaenda pembeni. Telefone ya nini.

---

#9 Da_Furaha_Bk (Bukavu)

Nahodha amemaliza kazi ya washauri watatu kwa mistari miwili. Naongeza tu: taa ikiwaka mara nyingi bila dhoruba, baada ya mwezi hakuna atakayeitazama. Anayeiwasha awe na sheria iliyoandikwa, na redio za hapa zitangaze kwa Kiswahili na Kihavu kwa wale wa Idjwi wasioiona.

---

#10 Fundi_Katindo (Goma)

Wenzangu mnaongea satelaiti, mimi ngoja niongee sululu.

Goma tumejenga juu ya lava. Ya 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na chini yake kuna nyingine za zamani. Sasa mtu analeta antena ya radi, anaisimamisha juu ya paa, na kitu cha kwanza kitakachoifuata ni radi yenyewe. Waya wa kushusha chini unaupeleka wapi? Wenzetu wa Bukavu wanagongomea fimbo ya shaba kwenye udongo mwekundu, dakika kumi wamemaliza. Hapa fimbo inagonga mwamba, inapinda, mwenye nyumba anakuangalia kama mwizi. Na hata ukitoboa kwa kompresa, lava kavu haipitishi umeme. Kipimo kinachotafutwa kwa kinga ya radi ni omu 10 kushuka chini. Kwenye lava tupu omu 10 utaziona ndotoni.

Ninachofanya: sichimbi kwenda chini, nachimba kwenda mbali. Mfereji mrefu kuzunguka nyumba, utepe wa shaba ndani, kisha udongo uliokuja na lori na unga wa makaa juu yake, nashindilia. Kiangazi, Juni hadi Agosti, unamwagia maji. Ukiwa na tangi la kunawia, elekeza maji yake hapo. Juu ya mfereji namwaga zege, siyo kwa ajili ya radi, kwa ajili ya wanaokuja usiku na koleo, maana shaba ina bei.

Halafu kosa ninalolikuta kila siku kwa wateja: dishi la intaneti lina waya wake wa chini, sola ina wake, antena ina wake, kila fundi aliyepita aliacha wake. Radi ikipiga hata jirani, hapo chini umeme wa kona hii na ule wa kona ile haulingani, tofauti inatafuta njia ya kupita, na njia ni kifaa chako. Fungeni vyote kwenye sehemu moja. Weka kikata-msukumo, kile kinachozuia umeme wa ghafla usiingie, kwenye kebo ya antena pale inapoingia ndani ya nyumba, na kingine kwenye umeme.

Kuna kichekesho kimoja. Radi ikinguruma, mtu mwenye akili anachomoa televisheni, anachomoa friji, analala. Kituo cha radi ndicho kifaa pekee ndani ya nyumba ambacho ukikichomoa wakati huo hakina maana ya kuwepo.

---

#11 Antena_ya_Himbi (Goma)

Mzee Fundi, umesema yote. Naongeza ya kelele, maana umeme wa mji ukikatika ndipo kelele zinapoanza. Mtaa mzima unawasha inveta za bei rahisi, na inveta isiyotoa wimbi laini inatapika takataka kwenye kilohezi zilezile ninazosikiliza. Taa za LED za dola moja, chaja za kwenye kaunta, mashine ya fundi wa kuchomea milango, vyote vinaingia. Mimi kifaa changu kinakula moja kwa moja kutoka betri ya volti 12 bila kupita inveta. Antena ya WWLLN ni fimbo tu inayosimama wima, inapenda sana paa la jengo la zege lenye nondo, kwa sababu nondo zinaizuia kelele ya ndani ya jengo isipande. Paa la chuo, hospitali, shule ya ufundi. Mega haiumizi kichwa, hakitumwi kitu kizito. Kinachoumiza ni intaneti ya kuja na kuondoka.

---

#12 Mtoto_wa_Rutshuru

Nasoma tu nacheka. Nyinyi mnatafuta radi kwa GPS, kwetu mzee fulani anazituma bila mega. Mwaka 1998 habari ya Kasai ilizunguka dunia: timu moja wachezaji 11 wanakufa uwanjani kwa radi, timu nyingine haikuguswa. Mtandao wenu unaweza kuonyesha aliyeituma?

---

#13 MwalimuKadutu (Bukavu)

Mwanangu wa Rutshuru, Februari 2020 ngagi wanne walikufa Mgahinga, upande wa Uganda, kwenye milima hii hii ya Virunga. Majike watatu na mtoto mmoja, na uchunguzi wa mizoga ulielekeza kwenye radi. Nani alikuwa na ugomvi nao?

Silifanyii mzaha jambo lako, kwa sababu nimeona mzee anafukuzwa kijijini baada ya radi kuua ng'ombe. Nisichokuwa nacho siku hiyo ni karatasi. Kama ningeweza kuwaambia wale vijana kwamba jioni ile ilipiga mamia ya radi kati ya Kahuzi na ziwa, hii hapa saa na hizi hapa sehemu, wangenisikiliza? Baadhi, labda. Lakini nilisimama mikono mitupu.

---

#14 Mtoto_wa_Rutshuru

Ya ngagi sina jibu mwalimu 😅. Ila mzee fulani bado namkwepa.

---

#15 Mwana_Shaba (L'shi)

Salamu kutoka Lubumbashi. Sisi msimu unaanza Oktoba, na migodi ya wazi inasimamisha kazi radi zikikaribia, kwa hiyo kuna kampuni zinazonunua data za radi kutoka nje kwa pesa nzito. Mimi nina paa la zege na umeme si mbaya. Kama mawimbi yanafika maelfu ya kilomita, niingizeni kwenye mtandao wa Kivu.

---

#16 Mwana_Butembo

Na mimi Butembo. Tuko kwenye kumi bora za dunia halafu hakuna anayetutaja, hata kwenye radi! Chuo kimoja hapa kina jengo refu, nina mtu ndani. Goma, Bukavu, Butembo: tayari vitatu, mistari inakatana, tumemaliza?

---

#17 Antena_ya_Himbi (Goma)

Bandugu, mmenifurahisha na mmenitia kichwa kuuma kwa pamoja. Chukueni ramani, muweke rula. Bukavu, Goma, Butembo: karibu mstari mmoja kutoka kusini kwenda kaskazini. Na Lubumbashi, kaka Mwana_Shaba samahani, ukishuka kilomita elfu moja na zaidi bado uko jirani na mstari uleule.

Vituo vikiwa kwenye mstari mmoja, radi iliyopiga magharibi ya mstari na iliyopiga mashariki kwa umbali uleule zinaleta tofauti zilezile za saa. Mistari inakatana mara mbili, kila upande mara moja, na seva haina njia ya kuchagua. Radi ya Walikale inaweza kuchorwa Rwanda. Dhoruba kubwa za Bonde la Kongo mara nyingi zinasogea kuelekea magharibi, kwa hiyo kosa la aina hii linageuza "imeshapita" kuwa "inakuja". Nahodha tutamuua kwa taa yetu wenyewe.

Dawa ni upana. Mashariki si tatizo kubwa: Kigali, Kampala, Mwanza, kuna vyuo, kuna umeme. Shimo liko magharibi. Kindu iko karibu kilomita 390 kutoka hapa, Kisangani kama 500. Kituo kimoja Kindu kina thamani kuliko vitatu vya kuongeza hapa Goma, na tena Kampene iko Maniema hiyohiyo.

---

#18 Da_Furaha_Bk (Bukavu)

Nimeanza kuelewa. Basi kwa Bukavu msiweke paa la mtu binafsi. Kuna Lwiro. Kituo cha CRSN, cha utafiti wa sayansi, kiko ndani ya teritware ya Kabare yenyewe, kilianzishwa wakati wa IRSAC, taasisi ya utafiti ya wakoloni, 1947, na wamezoea kutunza mitambo ya kupima matetemeko ya ardhi. Mtu anayejua kubadilisha betri ya kipima-tetemeko saa nane usiku hatashindwa na antena. Goma nako kuna OVG, wanaotazama volkano.

Na kabla mtu hajauliza: kuna mitandao mingine, ile ya LMA iliyotoka New Mexico, inayosikiliza megahezi 60 hadi 66 na kuchora radi tawi kwa tawi ndani ya wingu, urefu, upana na kimo. Iliwahi kupelekwa hata Iceland 2010 kutazama radi za majivu ya Eyjafjallajökull. Ni nzuri mno. Lakini inataka vituo kumi na kuendelea, vilivyokaribiana, na mawimbi yake hayapindi mlima. Kila kituo kingetaka kilima chake hapa Kivu. Nani ataenda kulinda betri kwenye vilima kumi vya Masisi? Tuiache iwe ndoto ya watoto wa mwalimu.

---

#19 Fundi_Katindo (Goma)

Hiyo ya OVG inanikumbusha: wateja wananiuliza kama volkano yetu ya Nyiragongo ndiyo inaleta radi.

---

#20 Antena_ya_Himbi (Goma)

Hapana mzee. Radi za volkano zinataka majivu mengi yanayosuguana hewani. Nyiragongo ni ya lava nyepesi inayotiririka, kama 2021. Zetu zinatoka kwenye unyevu wa msitu wa Kongo, jua, na milima hii inayoisukuma hewa juu.

Jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ndilo linaloua vituo huku kabla hata betri haijaisha. Antena juu ya paa, mjini kwetu, kwa nyakati hizi. Watu wanauliza unasikiliza nani. Kabla ya kusimamisha hata fimbo, peleka barua kwa shefu wa kartie (mtaa), ya chuo au ya kituo cha utafiti, yenye muhuri, kwa Kifaransa na Kiswahili, ikieleza kwamba kifaa kinapokea tu, hakitumi wala hakisikilizi simu. Mwite aje akione. Mwonyeshe ramani kwenye simu mvua ikinyesha. Mimi wangu sasa ananipigia yeye kuuliza kama aanike muhogo.

---

#21 Mwana_Butembo

Sawa, tumekubali mstari. Nina shemeji Kindu, anafundisha shule ya ufundi, jengo ni la zege, la zamani. Sola wanayo. Nimwambie nini aanze nacho? Hana pesa ya kununua kitu ambacho baadaye hakitafaa.

---

#22 Antena_ya_Himbi (Goma)

Asinunue kitu. Atafute redio ya zamani yenye AM, ya betri. Apande nayo juu ya paa, aiweke mahali pasipo na stesheni, atembee nayo kona zote. Afanye hivyo mchana umeme wa shule ukiwepo, na tena usiku mtaa ukiwa kwenye inveta. Akisikia mlio wa mfululizo usioisha kila kona, paa hilo halifai, atafute lingine. Akisikia kimya na "kra, kra" za hapa na pale, hizo ndizo radi zenyewe.

Aandike ni kona gani iliyo tulivu kuliko zote, apime kutoka hapo hadi ilipo sola, na aulize nani anashika ufunguo wa mlango wa juu likizo za shule. Akishatuma hayo matatu naandika barua ya maombi ya kifaa, kwa jina la shule.

---

#23 Mwana_Butembo

Redio anayo. Ufunguo ni wa mkuu wa shule, na mkuu anapenda sana kusafiri. Nampigia kesho.